Leseni Ukutani, Daftari Mezani

Iwapo umewahi kupita Gikomba siku ya Jumamosi, basi huna haja ya kuelezwa biashara ya vitu vilivyokwisha kutumika ni kitu gani. Huko kuna nguo za kamera, yaani zile bora zinazochaguliwa mtumba unapofunguliwa tu, na kuna za fagia, ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Kuna viatu, mapazia, redio, pasi na simu. Wengi wetu humu shuleni tumelipiwa karo kwa pesa za biashara hiyo, ijapokuwa wengine huona haya kusema. Mimi sioni haya. Mjomba wangu huuza redio, televisheni na simu kuukuu katika chumba kidogo cha kukodi jijini Nairobi, na likizo ya Agosti iliyopita nilimsaidia kutafuta leseni. Nimeonelea niwaeleze wenzangu jinsi inavyopatikana, na pia jambo moja ambalo leseni hiyo haifanyi.

Mwanzoni mjomba aliuzia kando ya barabara, jicho moja kwa mteja na jingine kwa kanjo. Alipopata chumba alidhani taabu zimekwisha. Akampa kijana mmoja shilingi elfu tatu amtafutie leseni kwa njia ya mkato. Karatasi ililetwa kesho yake, ina muhuri na kila kitu, mjomba akaitundika kwa furaha. Wakaguzi walipokuja, namba yake haikuonekana popote katika mtambo wao. Kijana naye akipigiwa simu, ni mteja hapatikani. Elfu tatu zikaenda na maji.

Njia halali haina maajabu. Huanza kwa kitambulisho na namba ya PIN ya KRA. Ukitaka biashara iwe na jina lisilo lako mwenyewe, jina hilo husajiliwa kwanza kupitia eCitizen. Kisha unaomba kibali cha kaunti kwa kompyuta. Huulizwa ni biashara ya aina gani, iko wapi, chumba kina ukubwa gani na wafanyakazi ni wangapi, kwa maana ada hutegemea mambo hayo. Unapata ankara, unalipa, unachapisha kibali chako. Sisi tulikaa saiba tangu asubuhi hadi adhuhuri, si kwa sababu kazi ni ngumu, bali kwa kuwa jina la mjomba limeandikwa kwa "r" kwenye kitambulisho na kwa "l" kwenye PIN. Basi kagueni majina yenu mapema, enyi wa Kidato cha Nne mnaokaribia kuchukua vitambulisho!

Zamani mwenye duka alikuwa na rundo la karatasi: kibali cha biashara chake, cheti cha zimamoto chake, ada ya ubao wa jina yake. Mwaka wa 2023 Kaunti ya Nairobi iliziunganisha leseni kadhaa za namna hiyo katika kibali kimoja. Hata hivyo usidhani habari ya moto imesahauliwa. Mjomba alinung'unika alipoambiwa anunue mtungi wa kuzimia moto. "Sasa mtungi wa nini na chumba chenyewe ni kama kiberiti?" Nilimkumbusha tarehe 28 Juni 2018, moto ulipozuka Gikomba usiku na watu 15 wakapoteza maisha. Alinyamaza, akanunua mtungi.

Basi kibali kikatundikwa ukutani, mahali ambapo kila aingiaye atakiona, kama inavyotakiwa. Mjomba akawa anatembea kifua mbele. Wiki tatu baadaye, mnamo saa tano asubuhi, waliingia maafisa wawili wa polisi pamoja na mama mmoja. Yule mama akanyosha kidole kwenye kabati la kioo. "Ile pale. Ndiyo simu yangu."

Mjomba akaulizwa aliitoa wapi. Akasema aliinunua kwa mtu. Mtu gani? Hamjui. Risiti? Hana. Akaelekeza kidole ukutani. "Lakini afande, mimi niko na leseni!"

Afisa aliitazama kwa makini, akasema pasipo ukali wowote, "Mzee, hii ni ya kanjo. Si ya simu."

Maneno hayo nimeyafikiria sana tangu siku hiyo, na naona afisa alisema kweli. Kibali cha biashara kinasema umelipa ada na una ruhusa ya kufungua mlango. Hakisemi lolote juu ya kilicho ndani ya kabati. Mwenye kuuza nguo za mitumba hana taabu sana hapa, kwa kuwa robota lake alilinunua kwa mwagizaji na risiti anayo. Redio au simu iliyotumika ni mambo mengine. Hutoka mkononi mwa mtu, na mtu huyo aweza kuwa mwizi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba anayepokea au kuuza mali ya wizi, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14. Miaka 14! Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu angekuwa anakaribia kujiunga nasi hapa shuleni.

Mjomba alilala kituoni siku mbili. Mkaza mjomba hakula wala hakulala, na mimi nilibaki nimeketi dukani bila kuuza kitu. Siku ya pili nilikumbuka kwamba mjomba hulipa kwa M-Pesa. Tukapekua ujumbe katika simu yake hadi tukaupata: jina kamili la aliyepokea pesa, namba yake, tarehe, saa, na shilingi elfu nne mia tano. Tuliupeleka kituoni mbio. Aliyeuza simu alitafutwa akapatikana, na mjomba akaachiliwa. Simu ilirudishiwa mwenyewe, elfu nne mia tano zikapotea, wala hatukulalamika.

Nimesoma kwamba katika jiji la New York, muuzaji wa vitu vilivyotumika huwa na leseni yake mahususi, na sheria ya jiji humtaka aandike kila anachonunua, siku aliyokinunua, pamoja na jina na anwani ya aliyemuuzia. Hapa kwetu walio karibu na hali hiyo ni wafanyabiashara wa vyuma kuukuu. Hao wana sheria yao ya mwaka wa 2015 na baraza lao la kutoa leseni. Mwaka wa 2022, baada ya nguzo za stima kuharibiwa na nchi kuingia gizani, Rais aliisimamisha biashara yao kwa miezi kadhaa. Mwenye redio na simu hasukumwi hivyo, basi ajisukume mwenyewe.

Kwa hivyo nilinunua daftari la kurasa 200 na kulipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni kitu chenyewe na namba yake. Kwa simu, bonyeza *#06# nayo itakuonyesha namba ya tarakimu 15 ambayo ni yake peke yake. Kisha jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, namba ya simu, bei, na mwisho sahihi yake. Pesa hutolewa kwa M-Pesa tu. Mjomba alicheka akasema nimemgeuza karani. Lakini analiandika.

Siku moja kabla ya kurudi shuleni, alikuja kijana mwenye simu nzuri, mpya karibu kabisa, akitaka elfu tatu tu. Mjomba aliipindua mkononi. Niliona jinsi alivyoitamani. Halafu akafungua daftari, akachukua kalamu.

"Kitambulisho, kijana yangu."

"Nimekisahau nyumbani, mzee. Nakuja nacho sasa hivi."

Tulingoja hadi tukafunga duka.