Aliwasikiliza kwanza, ndipo akachora

Pita kwenye maduka ya picha ya Mwenge, Dar es Salaam, utamkuta mwanamke yuleyule: mwembamba, mrefu kama mnazi, mtungi kichwani, mtoto mgongoni, uso hauna macho wala mdomo. Ndiyo picha ya mwanamke jasiri inayouzwa sana. Mimi imenichosha. Imebakiza mzigo, mwenye mzigo imemfuta.

Mchoraji Everlyn Nicodemus alishika njia nyingine. Alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973, akasomea anthropolojia Stockholm. Kuwatazama watu kwa mbali, kama taaluma ile ilivyotaka, kulimkera, akageukia rangi. Mwaka 1980 alionyesha kazi zake Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Katikati ya miaka hiyo ya themanini akafanya kazi aliyoiita Mwanamke Ulimwenguni. Denmark, Tanzania na India aliketi na wanawake, wakasimuliana maisha yao, ndipo akachora.

Mzaramo wa Kisarawe au Kibaha hatashangaa. Huko mwali akiwekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kifua cha kike, bila mikono, akakitunza kama mwanawe huku makungwi wakimfunda kwa nyimbo. Kazi ya mchongaji ilikaa katikati ya mazungumzo ya wanawake. Leo mama anayeuza matunda Maili Moja, kando ya Barabara ya Morogoro, anaweza kuchorwa na kuuzwa bila kuulizwa hata hali. Anajua bei ya ndizi ilivyopanda, anajua ada ya shule inavyolipwa kwa sarafu. Hayo ndiyo yangempa uso.

Nicodemus mwenyewe alijichora mwaka 1982, nyuso kadhaa zikiingiliana katika uso mmoja. Jumba la National Portrait Gallery la London liliinunua picha hiyo mwaka 2022, ikawa picha ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora kuingia katika hazina yake. Kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025, Edinburgh, anakoishi, ilimwandalia maonyesho ya kazi zake za zaidi ya miaka arobaini.

Ninatamani kuziona picha hizo Dar es Salaam tena, na siku ya ufunguzi mabasi yaende kuwachukua kina mama wa Maneromango na Mlandizi. Wakae viti vya mbele, waulizwe wanaona nini.