Kibandiko kinabaki Kilindini, hatari inafika Kisii

Sisi wa Mombasa tuna mazoea ya kuuaga mzigo getini. Kontena likishatoka Kilindini, karatasi zimegongwa mihuri, lori limepita Changamwe na kuikamata njia ya Mariakani, basi kwetu limekwisha. Linakokwenda ni shauri la wenyewe. Nimefanya ukarani wa mizigo miaka mingi na hivyo ndivyo tulivyolelewa kazini. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja wa pembejeo za kilimo aliniomba niende Kisii, kisha Nyamira, nikae na vijana wanaompakulia mizigo niwaeleze habari ya kemikali. Nilichokiona huko kinatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yalivyo bandarini. Mzigo wa hatari unaokuja kwa meli unasimamiwa na kanuni za kimataifa zijulikanazo kama IMDG, ambazo zilifanywa za lazima mwaka 2004 chini ya mkataba wa usalama wa meli wa SOLAS. Tangu 2010 si mabaharia tu wanaotakiwa kufundishwa, bali hata wafanyakazi wa nchi kavu wanaoushika mzigo huo. Kanuni zimeugawa katika makundi 9, kuanzia vilipuzi hadi vile visivyoingia kundi lolote jingine. Kila kitu kina nambari yake ya tarakimu nne: petroli ni 1203, gesi ya kupikia 1075, asidi ya betri 2796. Kontena lenyewe linabandikwa kibandiko kikubwa cha umbo la almasi pande zote nne. Ukilitazama kwa mbali unajua usilikaribie na sigara.

Sasa fuata safari yake. Kontena linafunguliwa katika yadi, pengine Miritini, pengine Nairobi. Katoni na mapipa yanatolewa na kupangwa ndani ya lori la kawaida pamoja na sabuni, sukari na magodoro ya mteja mwingine. Vile vibandiko vikubwa vinne vinabaki kwenye kontena tupu. Karatasi ya maelezo ya kemikali, ambayo mtengenezaji aliituma, inabaki kwenye faili la wakala. Dereva anapewa ankara na hati ya kupokelea. Kiasi cha kilomita 800 baadaye, mjini Kisii, saa kumi na moja alfajiri, kijana anaweka katoni begani na hana habari amebeba nini. Kwenye katoni bado kipo kibandiko kidogo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kinasemaje.

Niliwapanga vijana kumi na wawili pale godauni nikawaonyesha vibandiko kimoja kimoja. Fuvu la kichwa walilijua wote: sumu. Mwali mwekundu waliujua: moto. Nikaonyesha cha buluu chenye mwali. Kukawa kimya, halafu mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa na wenzake, akasema, "Mwalimu, hiyo ni rangi ya maji. Ukiona moto hapo, mwagia maji."

Jibu lake lina mantiki kabisa, ila ndilo linaloua. Buluu maana yake kitu hicho kikikutana na maji kinatoa gesi inayowaka. Na Gusii si nchi kavu, mvua yake inapita milimita 1,500 kwa mwaka na hakuna mwezi unaokosa kabisa. Turubai likitoboka Keroka, mzigo unafika umelowa.

Vitu viwili vya kundi hilo vimejaa katika biashara za huko. Kimoja ni kabaidi, mawe ya kijivu wanayotumia wachomeleaji wa juakali kupata gesi, na ambayo wengine huyatumia kuivishia ndizi kwa haraka. Ikilowa hutoa gesi ya asetilini, na cheche moja tu inatosha. Cha pili kinanitia hofu zaidi: vidonge vya aluminiamu fosfaidi, dawa ya kuua wadudu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa. Kidonge cha gramu 3 kikipata unyevu hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini. Gesi hiyo huenda ikanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua yako, kwa maana inaweza kudhuru kabla hujasikia harufu. Haina dawa ya kuiondoa mwilini, daktari anachoweza ni kuusaidia mwili upambane. Sasa fikiria kopo la vidonge hivyo limepasuka ndani ya chumba cha chini kisicho na dirisha, na juu yake kuna familia imelala. Majengo ya namna hiyo, duka chini na nyumba juu, yamejaa katika miji yetu yote, na si Kisii peke yake.

Rangi nyingine zilituchukua muda mfupi. Kijani ni gesi iliyobanwa isiyowaka. Njano ni kitu kinachoulisha moto hata kama chenyewe hakiwaki, mfano klorini ya unga ya kusafishia maji, ambayo ikimwagikiwa na mafuta au breki fluidi inaweza kuwaka yenyewe. Nyeupe juu na nyeusi chini ni kinachochoma ngozi. Rangi ya chungwa ni vilipuzi.

Tulizungumza sana juu ya mbolea, kwa sababu nchi ya Nyamira ni nchi ya chai. Viwanda kama Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi vinahudumia wakulima wanaopokea mbolea ya NPK iliyoteremshwa hapa hapa Mombasa. Vijana walikuwa wameona video za Beirut za tarehe 4 Agosti 2020, wakauliza kama na wao wanalalia bomu. Hapana. Kule zilikuwa kama tani 2,750 za amonia naitreti zilizotelekezwa ghalani tangu 2014, na zaidi ya watu 200 walikufa. CAN ya mkulima imechanganywa na chokaa na hailipuki kirahisi hivyo. Lakini isiwekwe karibu na dizeli wala makaa, na moto ukiifikia, watu waondoke mbali wasivute moshi wake. Ni muhimu kusema hili vile lilivyo. Ukimtisha mtu kwa kila gunia, ataacha kukusikiliza utakapofika kwenye lile linaloua kweli.

Kisa kilichowanyamazisha kabisa si cha mlipuko. Mwaka 1967 mjini Chiquinquirá, Kolombia, unga wa ngano ulisafirishwa katika lori moja na dawa ya wadudu iitwayo parathioni. Dawa ikavuja, unga ukapelekwa kwa mwokaji, watu wakala mkate asubuhi. Walikufa makumi, wengi wao watoto. Na mwaka 2013 katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa kwa chakula cha shule, mafuta ya kupikia yakiwa yamechafuliwa na dawa ya wadudu. Walipakiaji wetu wanachanganya unga na dawa kila wiki, na madumu matupu ya dawa yanauzwa sokoni kuwekea maji. Hapo nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Lile la nyumbani umelitoa wapi?"

Mafuta na gesi sikuyasemea sana, kwani Sachangwan ya Januari 2009, ambako zaidi ya watu 100 waliteketea kwenye lori la petroli, hakuna aliyeisahau, na mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024 ni wa jana tu. Lakini mwishoni mwa Machi 2025 lori lililobeba sodiamu sianidi lilipata ajali karibu na Limuru, kwenye barabara ya kushuka Mai Mahiu, ndiyo njia ya malori mengi ya Narok na Kisii. Sehemu ya shehena haikuonekana, na serikali ikalazimika kuwaonya wananchi wasiguse kitu chochote watakachokiokota. Mtu anayejua fuvu na nambari 1689 haokoti.

Kwa nini basi hawafundishwi? Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo, na inataka kemikali ziwe na lebo na karatasi ya maelezo. Tatizo ni nani anayehesabiwa kuwa mfanyakazi. Kozi zikija, anakwenda msimamizi na karani wa stoo. Wanakaa hotelini Kisumu au Nairobi, wanaonyeshwa picha kwa Kiingereza, wanarudi na cheti kinachoning'inizwa ofisini. Kibarua anayelipwa kwa gunia hayumo katika orodha. Tena malipo ya gunia yanamfundisha somo lake mwenyewe: kila dakika ya kusoma lebo ni shilingi iliyopotea. Huwezi kumwambia mtu huyo awe mwangalifu kisha ukamlipa kwa haraka yake. Nilimwambia tajiri hivyo mbele yao, na kusema kweli hakufurahi. Baada ya chai alikubali kwamba siku za mzigo wa kemikali atawalipa kwa siku.

Mafunzo yenyewe yalituchukua saa nne, kwa Kiswahili, kwa katoni na mapipa yale yale ya pale godauni. Tuliteua kona ya sumu, mbali na vyakula na iliyoinuliwa juu ya mbao maji yasifike. Tukaweka ndoo ya mchanga mkavu na unga wa mbao, maana dawa ya majimaji iliyomwagika hunyweshwa hivyo, haisukumwi mtaroni. Unga wa kibandiko cha buluu hauguswi na maji wala unga wa mbao: toeni watu, fungueni milango, asirudi mtu ndani bila vifaa. Asidi ikikurukia, vua nguo na jimwagie maji mengi kwa dakika 20. Aliyemeza asitapishwe. Anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kisii apelekwe pamoja na lebo, au picha yake kwenye simu, kwa sababu daktari hawezi kutibu "dawa ya mahindi".

Nyamira tulirudia yote hayo chini ya turubai, mvua ikinyesha, na wanawake wawili wanaofagia stoo wakaomba nao waingie. Waliuliza maswali mazuri kuliko wapakuaji, kwa sababu vumbi na vilivyopasuka huwafikia wao.

Sehemu iliyobaki ni yetu huku. Wakala wa Mombasa anapofungua kontena la kemikali anayo karatasi ya maelezo mkononi. Nimeandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: jina la kitu, nambari yake, rangi ya kibandiko, kisiwekwe na nini, ukimwagika fanya nini, na simu ya mwenye mzigo. Nakala moja anapewa dereva, nyingine utingo, ya tatu inabandikwa ndani ya mlango wa lori. Mawakala watatu wa Shimanzi wamekubali kuujaribu kuanzia shehena ijayo. Wa nne aliniuliza nani atalipia wino.