Je, Wajua? Kiti cha Dereva na Kiuno Chako
Je, wajua kwamba kukaa bila kuegemea kunaweza kuubana uti wa mgongo zaidi kuliko kusimama? Daktari Alf Nachemson wa Uswidi alilipima jambo hilo miaka ya 1960, kwa sindano iliyochomwa ndani ya diski za kiuno za watu walio hai. Garini huongezeka mtikisiko, nao mgongo hauupendi hata kidogo ukiwa wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Dereva, toa pochi kwenye mfuko wa nyuma, kwani inapindisha nyonga. Viringisha kanga, iweke nyuma ya kiuno, usawa wa mkanda wa suruali, kisha laza kiti kidogo tu. Na ukisimama kujaza mafuta, shuka utembee kidogo.