Siti za magari ya tope: mnunuzi hulipia kava, hasara hukaa kwenye sponji

Kati ya Aprili na Mei, masika yanapokolea na baadhi ya kambi za kaskazini mwa Tanzania kufungwa kwa muda, mafundi siti wa Arusha ndipo wanapopata kazi nyingi. Land Cruiser za utalii huingizwa gereji, siti zote hung'olewa, na mwenye kampuni huletewa vipande vya sampuli achague. Hutazama rangi, huvuta kitambaa kwa vidole, hupatana bei. Kuhusu sponji haulizwi, wala yeye haulizi. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi inapopotea, kwa kuwa siti ya gari la tope huanza kufa ndani.

Udongo mweusi wa magharibi mwa Serengeti, au wa Maasai Mara upande wa pili wa mpaka, ukilowa hauna msamaha. Dereva hushuka kupima kina cha dimbwi, huchimba chini ya tairi, hufunga winchi, kisha hurudi kukalia siti akiwa ameloa hadi kiunoni. Maji hayo hayapiti kwenye reksini yenyewe. Hupenya kwenye matundu ya sindano, hasa mshono wa mbele ambao mapaja huukandamiza kila mara. Chini yake kuna sponji ambayo vitundu vyake vimeungana, hivyo hunyonya. Na kwa kuwa reksini haipumui, unyevu ulioingia kwa dakika chache hukaa humo siku kadhaa. Ukungu huanza, harufu hufuata, ubao wa chini hufura, pini za stepla hushika kutu na kuachia kitambaa. Mwenye gari akiona kava limelegea, humwita fundi abadili kava.

Bei ya sponji hufuata uzito wake, maana sponji nzito imekula kemikali nyingi zaidi. Fundi anayegombania kazi kwa bei ya chini hupunguza pale pasipoonekana, akaweka sponji ya godoro rahisi. Kumkamata hakuhitaji maabara. Kata kipande chenye sentimita 10 kila upande, kiweke kwenye mizani ya jikoni: gramu utakazosoma ndizo kilo za sponji hiyo kwa kila mita ya ujazo. Ukisoma 20, hilo ni godoro. Siti ya kubeba mtu mzima kwenye njia ya makorongo ianzie 40. Uzito hausemi yote kuhusu ugumu, lakini sponji nyepesi ikishabonyea haiinuki tena, na mgongo wa dereva ndio unaolipa. Mafundi waangalifu huongeza juu yake tabaka jembamba la sponji ya vitundu vilivyofungwa, ile ya mikeka ya mazoezi, ambayo hainywi maji. Kwa siti ya dereva gharama hiyo nisingebishana nayo.

Tukija kwenye kava, reksini bado ndiyo mfalme wa tope: unaipangusa kwa kitambaa, kazi imekwisha. Adui yake ni jua, ambalo huikausha hadi ikapasuka, na gari la utalii lenye paa la kufunguka hupigwa jua kutwa nzima. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boti huvumilia zaidi, ila ni ghali. Turubai la pamba na poliesta halichomi mapaja wakati wa joto na hudumu kwa miaka. Linahitaji tu kupakwa dawa ya kuzuia maji mara kwa mara. Velveti ibaki mjini. Ngozi yenye vitundu vidogo ni mtego, kwani kila kitundu ni mlango wa tope. Uzi nao usisahaulike: wa pamba huoza, wa poliesta hauozi.

Wapo vijana wanaotaka siti za mashindano, zile za mabega marefu, baada ya kuona magari ya Safari Rally yakipita Naivasha. Siti hizo zimetengenezwa kwa mtu anayefungwa mikanda asubuhi na kushuka mara chache. Kiwango cha shirikisho la kimataifa la magari (FIA) cha 8855-1999, ambacho siti nyingi za mashindano hufuata, kinazipa umri wa miaka 5 tu. Dereva wa tope hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku akiwa na buti zilizobeba udongo, na kila mara atasugua kingo za siti hizo hadi zitoboke. Siti bapa yenye kingo fupi, iliyoinuka kidogo ili aone mbele ya boneti, inamfaa zaidi.

Anayenunua Prado iliyotumika Japani ana jambo jingine la kuangalia. Magari mengi ya namna hiyo yana plagi za njano chini ya siti za mbele, nazo ni za mfumo wa mifuko ya hewa. Zikizama kwenye maji na kushika kutu, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi, na kuitafuta hitilafu hugharimu kuliko kava. Kama siti ina mfuko wa hewa ubavuni, kava la kuvalisha lisiloachwa wazi upande huo ni hatari. Reli za siti zisipakwe grisi nzito: hukusanya mchanga mpaka siti ikagoma kusogea. Mikanda ya usalama ioshwe kwa maji na sabuni laini, kwa sababu chembe za tope zilizokaukia humo husaga nyuzi kila inapovutwa.

Mwenye kampuni ya magari kadhaa ana hesabu rahisi ya kufanya. Gari likisimama gereji Julai, msimu wa wageni wengi, kwa ajili ya siti, halipotezi fedha ya ufundi tu, linapoteza safari nzima iliyokwisha kulipiwa. Kwa hiyo wengine huagiza kava za zipu, seti mbili kwa kila gari: moja iko garini, nyingine iko kwenye kamba. Fundi hulipwa zaidi mara moja, na sponji huanikwa juani bila kung'oa hata nati moja.