Neno Dogo «by»

Kiingereza kina neno dogo la herufi mbili tu, «by», lakini kazi zake ni nyingi. Lataja mtendaji: «written by Mary», ndiyo kusema, kimeandikwa na Maria. Lataja chombo cha safari: «by train», kwa gari la moshi. Lataja na mahali: «by the river», kando ya mto.

Katika tarehe ndipo wengi wanapojikwaa. Barua ikiagiza «pay by Friday», maana yake: lipa, Ijumaa isipite. Ukilipa Jumatatu au Jumatano ni vema. Jumamosi umekwisha chelewa. Neno «until» ni jambo jingine: «work until Friday» ni kufanya kazi mfululizo, kisha kuacha siku hiyo. Sisi katika Kiswahili twaweza kusema «mpaka Ijumaa» kwa yote mawili, Mwingereza hachanganyi.

Basi, enyi wazazi, kijana wenu aendaye kusoma Uganda akipokea barua ya karo, mwulizeni kwanza: Je, imeandikwa «by» ao «until»? Kwa herufi mbili hizo mtu aweza kupoteza nafasi ya mwaka mzima.