Hatua 136 za Dubai

Wengi hudhani sataranji huamuliwa na akili pekee. Mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia, uliochezwa Dubai Desemba 2021, unaonyesha kuwa mwili nao una sehemu yake. Baada ya sare tano, Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi walikaa mezani karibu saa nane, hatua 136. Mwishoni Carlsen alikuwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia. Utasema kompyuta iliiona sare. Ni kweli, ila kompyuta haichoki. Katika hatua ya 130 Nepomniachtchi, muda ukimbana, alimpeleka malkia kwenye e6, na sare ikamponyoka. Katika michezo mitano iliyofuata, alishindwa mitatu.