Kutoa Upepo Katika Breki ya Pikipiki

Ndugu wanachama, wengi wetu twachukua karafuu kwa pikipiki, na vilima vya Pemba twavijua. Ukibadili mpira wa breki ya mafuta, upepo huingia ndani. Mafuta hayabonyei, upepo hubonyea. Basi breki huwa laini, na mteremkoni pikipiki haisimami.

Tia mafuta mapya ya namba iliyoandikwa kifunikoni, kama DOT 4. Chomeka mpira mwembamba kwenye niplo ya chini, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta. Bana mkono wa breki, fungua niplo kidogo, ifunge, ndipo uachie mkono. Rudia mpaka mapovu yaishe, wala kikopo cha juu kisikauke.

Breki ikishakuwa ngumu, yafaa tuijaribu pahala tambarare kabla ya kupakia gunia.